Taa za Breki Hazikuwaka

Siku ya arusi ya Ikram, watu wa Handeni waliondoka na magari mawili. La mbele aliendesha Zamda, na kando yake alikaa mama mkwe wake, Bi Mwanaisha. La nyuma lilikuwa pikapu ya Sabiri, mume wa Zamda, iliyobeba mchele, mafuta ya kupikia, masufuria ya kuazima na mabeberu wawili waliofungwa miguu. Walikuwa wanakwenda Kilole, Korogwe, kwa Hamisa, dada mkubwa wa Sabiri, ambaye ndiye mama wa bibi arusi. Watoto wawili wa Sabiri na Zamda walikuwa wameshatangulia kwa shangazi yao tangu juzi yake.

Bi Mwanaisha angeweza kupanda pikapu na mwanawe. Alikataa. Alisema pikapu inanuka beberu, na yeye hakushona baibui jipya ili afike arusini akinuka zizi. Lakini kila mtu alijua kwamba alipenda tu kusafiri na mkwewe. Zamda alizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Baba yake, Mzee Valentino, alikuwa Mkatoliki aliyemaliza nguvu zake kwenye mashine za kuchakata mkonge. Mama yake alikuwa Mwislamu, na watoto waligawana dini bila ugomvi. Alipoolewa Handeni hakujua Kizigua hata salamu. Bi Mwanaisha alimfundisha mwenyewe, jikoni, neno moja leo na jingine kesho, huku akimcheka, mpaka ikafika siku wawili hao wanamsengenya fundi wa bati naye yuko juu ya paa lao, hajui kama ndiye anayesemwa.

Gari la Zamda lilikuwa dogo, la kijivu, lililotumika nje kabla ya kuletwa nchini. Zamda alikuwa muuguzi wa zahanati, na gari hilo walilinunua ili aache kurudi na bodaboda akitoka zamu. Kwenye usukani lilikuwa na vitufe ambavyo Sabiri alivizoea kuviona kwenye magari ya wakubwa tu. Ukibonyeza kimoja, gari linashika mwendo uliokuwa nao na kuendelea lenyewe, unaondoa mguu kwenye mafuta. Ukibonyeza kingine linaongeza kasi. Ukigusa breki, linaachia, linarudi mikononi mwako.

Bi Mwanaisha alivipenda vitufe hivyo kuliko mwenye gari.

"Kama punda anayejua nyumbani," alisema asubuhi ile akijifunga mkanda. "Lipe amri, tule njugu."

Walipita Misima, wakapita Sindeni. Sabiri alikuwa nyuma yao, umbali wa mtu kupiga kelele akasikika, akipunguza mwendo kila wanapopunguza kwa ajili ya matuta na vivuko vya watoto wa shule. Baada ya hapo barabara ilifunguka. Lami nzuri, vichaka pande zote, jua limeshapanda. Beberu mmoja alilia, mwingine akamjibu. Sabiri aliwasha redio.

Aliponyanyua macho tena, gari la mkewe lilikuwa mbali.

Mwanzoni aliona ni haraka za arusi. Hamisa alikuwa amepiga simu mara mbili kuulizia mchele. Akaongeza mwendo naye. Lakini nafasi kati yao ilizidi kukua, na mbele kulikuwa na mteremko mrefu ambao dereva yeyote wa njia ile huanza kuupunguzia mwendo kabla hajaufikia, kwa sababu chini yake kuna kijiji, na siku hiyo kilikuwa na gulio. Hata kutoka juu zilionekana kanga na maturubai pande zote mbili za barabara.

Gari la kijivu lilianza kushuka bila kupunguza. Lililipita lori la mkaa kwenye kona, mahali ambapo Zamda asingethubutu kuipita hata baiskeli. Sabiri alipiga honi, akaishikilia. Alikuwa anatazama nyuma ya lile gari, anazisubiri taa nyekundu ziwake, na alijikuta anasema kwa sauti, peke yake, "Kanyaga. Kanyaga, Zamda. Kanyaga."

Taa hazikuwaka. Alizitazama mteremko mzima, hazikuwaka hata mara moja.

Kabla ya kufika kwenye watu, gari lilikata kushoto. Liliruka mtaro, likapita kwenye vichaka likitupa udongo, likajipinda, na kwa ubavu wake wa kushoto likaupiga mti wa mkwaju. Mlio wake ulimfikia Sabiri baada ya macho yake kuwa yameshaona.

Hakumbuki alivyosimamisha pikapu. Anakumbuka njugu zilizomwagika kwenye majani na kandambili moja ya mama yake, ikiwa imekaa wima kana kwamba mtu ameivua mlangoni. Zamda alikuwa ameshatoka. Alikuwa amemlaza Bi Mwanaisha chini, amepiga magoti juu yake, anambonyeza kifua kwa mkono mmoja. Mkono wake wa kulia ulining'inia, umegeuka mahali ambapo mkono haugeuki. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya kawaida, sauti ile ile ya zahanati.

"Zamda," Sabiri alisema.

"Nilikanyaga," alijibu bila kuacha. "Lilikataa. Nilikanyaga mpaka mwisho, Sabiri, likakataa."

Sabiri alimtazama mama yake usoni. Alikuwa ameona maiti za kutosha maishani mwake, akajua. Akamshika mkewe bega.

"Mwache."

"Bado ana joto."

"Mwache, nimesema."

Alimwondoa kwa nguvu. Zamda akakaa kwenye majani, na ndipo akautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine. Wanawake wa gulio walikuwa wanakuja wakikimbia. Mmoja alivua kanga yake ya juu, akamfunika Bi Mwanaisha.

Polisi walifika pamoja na gari la wagonjwa. Mmoja wao alikuwa askari wa usalama barabarani, mwanamke wa makamo aitwaye Salome. Alimhoji Sabiri pale pale, kivulini, kwa upole.

"Ulikuwa nyuma yao muda wote?"

"Muda wote."

"Uliona wanateremka?"

"Niliona."

"Taa za breki ziliwaka?"

Sabiri aligeuka akalitazama gari pale kwenye mkwaju. Salome hakumharakisha.

"Hapana," Sabiri alisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, afande."

Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alisema alichokiona, kama mtu yeyote mwenye dini angesema. Lakini alipokuwa akisema, alikwisha kutoa hukumu yake mwenyewe: mkewe hakukanyaga breki, na alikuwa amemdanganya juu ya mwili wa mama yake.

Bi Mwanaisha alizikwa Handeni kesho yake. Arusi haikupigwa ngoma. Shekhe alimfungisha Ikram ndoa kwenye uwanja wa msiba, bibi arusi akiwa na macho yaliyovimba, na mchele uliokuwa ukipelekwa Korogwe ukarudi kulisha waombolezaji. Zamda hakuwepo. Alikuwa amelazwa, mkono umetiwa vyuma, na polisi walikuwa wameshamwambia kwamba atashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa uzembe. Mkaguzi wa magari alikuwa amelipitia gari: pedali ya breki ilishika vizuri, mafuta ya breki hayakuvuja, mipira yake ilikuwa mizima. Shahidi aliyekuwa nyuma hakuona taa kuwaka. Maana yake, dereva alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki. Inatokea, mkaguzi alisema, hata kwa wazoefu.

Hamisa hakuridhika na "inatokea". Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na msiba ulikuwa umemnyima usingizi. Siku ya tatu alimfuata Sabiri nyuma ya nyumba, kwenye mashine yake ya kusaga, alikokuwa amejificha kwa kisingizio cha kuikagua.

"Mimi sisemi alikusudia," alisema. "Mungu ndiye anayejua. Lakini niambie jambo moja. Barabara ina pande mbili. Kwa nini alikata upande aliokaa mama?"

"Sijui, dada."

"Upande wa kulia alikaa yeye. Akachagua kushoto. Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Muulize."

Hakumuuliza. Alikwenda hospitali kumwona, akampelekea uji na nguo, akakaa kwenye benchi, akamwuliza kama anasikia maumivu. Zamda alimtazama kwa muda.

"Nasikia umeandikisha maelezo," alisema.

"Waliniuliza."

"Ukasema sikukanyaga."

"Nilisema taa hazikuwaka. Niliulizwa taa, nikajibu taa."

"Na wewe mwenyewe unasema nini?"

Sabiri alisawazisha kifuniko cha chupa ya uji. Kilikuwa kimeshakaa sawa. Alitaka kumwambia kwamba anamwamini, na hakuwa akimwamini. Alitaka kumtukana, na hakuweza. Zamda aligeukia ukutani.

Aliporuhusiwa, kwa dhamana ya baba yake, hakurudi Handeni. Mzee Valentino alimchukua pamoja na watoto akawapeleka Ngombezi. Sabiri hakumwambia aende, wala hakumwambia abaki. Alibaki na nyumba yake, na harufu ya unga wa sembe, na watu waliokuja kutoa pole ambao kila mmoja alikuwa na kisa cha mwanamke aliyekanyaga mafuta badala ya breki.

Wiki zikapita. Kitu kimoja kilimsumbua, nacho hakikuwa cha kumtetea Zamda. Alipofumba macho aliiona nyuma ya lile gari ikishuka mteremko, lakini kwa kuirudia mno, ile picha ilianza kumponyoka. Siku nyingine aliona jua likipiga kwenye vioo vya taa, akajiuliza kama mwanga wa jua ungeweza kuzificha. Angesimama mahakamani na kuapa kwa msahafu. Alitaka kuwa na hakika. Kwa hiyo, siku aliyoitwa kituoni kuchukua vitu vya marehemu vilivyobaki garini, alimwomba Salome ruhusa ya jambo dogo.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, kati ya pikipiki zilizokamatwa na basi lisilo na vioo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Mbele na nyuma palikuwa pazima.

"Nataka kuziona taa zikiwaka juani," Sabiri alisema. "Nione zilivyo kwa mtu aliye nyuma. Basi."

Salome alimtazama kidogo, akaona si ombi la kukataliwa. Mkaguzi alikuwa ameikata betri baada ya ukaguzi. Salome akafungua boneti, akairudisha. Alibonyeza kitufe cha taa za dharura ili kuona kama bado ina nguvu. Taa za njano zikapepesa, nyuma na mbele.

"Nenda nyuma," alisema, akakaa kwenye kiti cha dereva.

Sabiri alisimama nyuma ya gari, hatua chache tu. Akaweka kiganja juu ya macho kujikinga na jua.

"Kanyaga, afande."

Taa hazikuwaka.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga," Salome alisema kutoka ndani.

"Hapana, breki. Kanyaga breki."

"Breki ndiyo ninayokanyaga."

"Hujakanyaga, afande. Taa haziwaki."

"Bwana Sabiri, nimekanyaga mpaka mwisho."

Maneno yale yale ya Zamda. Alizunguka mpaka mlangoni, akainama, akautazama mguu wa Salome. Kiatu cheusi cha polisi kilikuwa juu ya pedali, na goti lake limenyooka kwa nguvu alizoziweka. Sabiri akautazama ule mguu, akarudi nyuma ya gari, akazitazama taa. Zilikuwa vipande viwili vya plastiki nyekundu, vyenye vumbi, havina uhai wowote.

Akakumbuka Misima. Akakumbuka matuta ya Sindeni na watoto wa shule waliovuka, na gari la mkewe likipunguza mwendo mbele yake, likisimama kabisa, likiondoka. Hata pale taa hazikuwaka. Alikuwa amekwisha kuliona gari lile likifunga breki mara kadhaa asubuhi ile, bila taa, na macho yake hayakushtuka kwa sababu hayakuwa yanatafuta kitu.

Alikaa chini kwenye mchanga wenye oili, katikati ya pikipiki, mikono juu ya kichwa. Salome alitoka akamkuta hivyo. Hakumwinua. Alisimama naye hapo, kofia mkononi, kisha akampigia simu mkaguzi.

Mkaguzi wa magari aliitwa Richard, kijana mwenye miwani. Alisikiliza, akakanyaga mwenyewe, akamwomba Salome akanyage yeye akiwa nyuma. Akavua koti, akalala chali chini ya usukani na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kipande cha waya kati ya vidole, kimetafunwa, shaba inaonekana.

"Panya," alisema. "Gari lililala wapi?"

"Bandani," Sabiri alisema. "Pamoja na magunia ya mahindi."

Richard alitikisa kichwa taratibu. Akaeleza, na hakujaribu kujitetea. Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo. Swichi hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwasha taa za nyuma. Ya pili, kwa gari kama lile, ni kuliambia liache kujiendesha. Waya ukikatika, taa haziwaki, na gari halijui kwamba dereva amekanyaga breki. Alikwenda kwenye usukani, akabonyeza kile kitufe cha kuongeza kasi. Kilizama, hakikurudi juu. Ilibidi akiinue kwa ukucha.

"Hiki kilinasa," alisema. "Kwa hiyo lilikuwa linaongeza mafuta, na breki haikuliambia liache."

"Lakini breki zenyewe zilikuwa nzima," Salome alisema. "Uliandika hivyo."

"Zilikuwa nzima. Ila injini ikiwa imefunguliwa mafuta yote, breki ina nguvu ya mara moja au mbili. Ukiachia ukakanyaga tena, inakuwa ngumu kama jiwe. Na mtu mwenye hofu huachia akakanyaga tena." Alimgeukia Sabiri. "Nilipima breki. Taa sikuzipima. Maelezo yako yalisema hazikuwaka, nikaona yanalingana na dereva aliyekosea pedali. Nitaandika upya."

Sabiri alikuwa amesimama sasa. "Angeweza kulizima," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa mwisho pa kushika. "Angeweza kutoa gia."

"Ukiwa umekaa hapa uwanjani, unaweza," Richard alisema.

Alikwenda Ngombezi mchana ule ule, na mfuko wa vitu vya mama yake ukiwa kwenye kiti cha pembeni. Nyumba ya Mzee Valentino ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nyumba za zamani za kambi. Mzee alikuwa nje, anasuka kamba ya mkonge juu ya paja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. "Umekuja kuchukua watoto?"

"Hapana, baba. Nimekuja kwa Zamda. Nimekuja na habari ya gari."

Mzee aliutazama uso wake, kisha akaita ndani.

Zamda alitoka, mkono umefungwa kifuani. Alikuwa amekonda. Sabiri alimweleza yote akiwa amesimama juani: Salome, mguu, taa, panya, kitufe. Alieleza vibaya, akirudia rudia. Alitegemea atalia, au atamshukuru Mungu. Zamda alisikiliza kama anasikiliza habari za mgonjwa wa wodi nyingine.

"Kwa hiyo umeamini," alisema.

"Nimeamini."

"Umemwona askari akikanyaga, ukaamini."

Mzee Valentino aliacha kusuka.

"Nisamehe," Sabiri alisema.

"Maelezo yako yalikuwa ya kweli. Sikulaumu kwa maelezo. Ulichokiona ndicho ulichosema." Zamda alikaa kwenye kizingiti. "Lakini mimi ndiye niliyekuambia, damu ya mama yako ikiwa mkononi mwangu. Hukuniuliza hata swali."

"Nina swali moja," Sabiri alisema. "Si la kwangu, ni la dada. Lakini hata mimi limenikaa. Kwa nini ulikata kushoto?"

Zamda aliuweka sawa mkono uliofungwa kifuani.

"Sikutaka kulisema," alisema. "Ningelisema, mngesema namsingizia maiti. Nilikuwa nimelipa amri lijiendeshe. Tulipoanza kushuka nilikanyaga, likapungua kidogo, nikajua limetii. Nikaachia. Likaruka. Nikakanyaga mpaka mwisho wa nguvu zangu, pedali haishuki. Nikavuta breki ya mkono, nikasikia harufu ya kuungua, na halikupungua. Mama alinyamaza muda wote huo. Tulipoona gulio, kulia kulikuwa na wanawake wa mboga, wamekaa mpaka kwenye lami. Mbele watu. Kushoto kulikuwa na kichaka na ule mti. Nikawa nimeshika usukani tu, siwezi. Mikono imekufa. Mama akaniwekea mkono hapa." Aligusa paja lake. "Akasema, tupa kushoto, mwanangu, kule kuna watu. Aliuona mti. Alikuwa anauangalia aliposema."

Mzee Valentino alijifanyia ishara ya msalaba, polepole. Sabiri alisimama pale pale. Mambo yote aliyokuwa ameyafikiria kwa wiki zote zile, hata yale mabaya kabisa, hayakuwa yamefika karibu na hili.

"Nenda ukamwambie dada yako," Zamda alisema. "Hilo la gari. Mwambie wewe, na uwaambie wote uliowaacha wakaamini. Hili la mama nitamwambia mwenyewe."

Akaenda. Alimkuta Hamisa nyumbani kwake Kilole akianua nguo, akamweleza wakiwa wamesimama katikati ya kamba za nguo, na Hamisa akaikumbatia shuka iliyokuwa mikononi mwake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Sabiri hakuwahi kuisikia kwake, "Na mimi nimeshasema kwa watu wangapi?"

Arobaini ya Bi Mwanaisha ilisomwa Handeni. Zamda alikuja kwa basi na watoto. Alipoingia uani, wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye sinia lake. Hamisa ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni. Aliinuka, akanawa mikono, akamshika Zamda mkono mzima, akaingia naye chumbani kwa marehemu, akafunga mlango. Walikaa humo mpaka wali ukaanza kushika chini na mtu mwingine akalazimika kupunguza kuni. Hakuna aliyesikia kilichosemwa. Walipotoka, Hamisa alikuwa amelia mpaka ushungi wake umelowa mbele, na alimkalisha Zamda kwenye mkeka wake mwenyewe, akawaambia wanawake wampe maji.

Zamda alirudi kuishi Handeni shule zilipofunguliwa. Alimwambia Sabiri wazi kwamba amerudi kwa sababu ya kazi yake na masomo ya watoto, na kwamba mengine asimwulize kwa sasa. Alilala chumba cha watoto. Sabiri alihamisha magunia yote kutoka bandani, ingawa halikuwepo tena gari la kulindwa.

Mahakamani waliitwa mara moja ya mwisho, kusikiliza shauri likiondolewa. Waliondoka kwa pikapu, wao wawili, asubuhi. Walizungumza habari za ada, na za mtoto mdogo aliyekuwa na tonsesi. Wakaufikia ule mteremko. Sabiri aliuanza taratibu sana, mpaka bodaboda zikampita. Chini hapakuwa na gulio siku hiyo. Palikuwa na meza tupu na mbwa mmoja. Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho, akidhani amefumba macho, au anautazama mkwaju.

Zamda hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anautazama mguu wa Sabiri kwenye pedali, na aliendelea kuutazama mpaka walipovuka kijiji na barabara ikanyooka.

Walifika mapema. Mahakama ilikuwa bado haijafunguliwa, wakakaa kwenye benchi la nje, Zamda upande huu na Sabiri upande ule, wakisubiri jina la Zamda liitwe.